Macho ya Baba Mkwe Wangu

Kazi yangu ilikuwa kutazama macho ya watu. Naieleza kwa ufupi hivyo kwa sababu kila nikiieleza kwa urefu, na maneno ya sera na mwongozo na fomu, najikuta najitetea kabla sijashtakiwa. Nilikuwa nesi wa zahanati ndogo ndani ya shamba kubwa la parachichi, upande wa kuteremkia Masukulu. Kila mwezi wa msimu wa kupiga dawa nilitakiwa kumkalisha kila mpiga dawa kwenye benchi, nimshike kidevu, nimgeuzie dirishani na kuziangalia mboni zake. Walikuwa wanaume kumi na tisa. Kumi na wanane niliwatazama. Wa kumi na tisa alikuwa baba mkwe wangu, na huyo sikumtazama hata mara moja, lakini fomu yake niliijaza.

Mwongozo wenyewe ulikuja ndani ya faili la kijani, umetafsiriwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kulowa mvua ya Tukuyu. Ulitoka kwa wanunuzi wa ng'ambo, wanaotaka parachichi lisilo na doa na mkulima asiye na kikohozi. Ulisema kila mpiga dawa atolewe tone la damu kabla hajashika bomba kwa mara ya kwanza, kisha kila mwezi atolewe jingine, na mashine ndogo ilinganishe damu ya leo na ile ya kwanza. Kinga iliyomo damuni ikishuka kupita kiwango, anaondolewa kwenye dawa mpaka ipande tena. Zaidi ya damu, nesi aangalie mboni, aangalie mikono kama inatetemeka, aulize habari za jasho na mate. Ilikuwa karatasi nzuri, na sina ugomvi nayo mpaka leo.

Maana dawa zile za wadudu zina tabia moja mbaya, hazina haraka. Mtu anaweza kula vizuri, akataniana na wenzake, akapanda mlima na bomba la lita kumi na sita mgongoni, na huku ndani yake kinga inaliwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Yeye hahisi kitu. Kinachoanza kusema ni macho. Mboni zinasinyaa, zinakuwa ndogo hata kwenye kivuli, mahali ambapo mboni ya mtu mzima wa afya ingefunguka. Halafu siku moja anamwagikiwa na kiasi ambacho mwenzake angekiosha kwa sabuni na kuendelea na kazi, na yeye anaanguka.

Wapiga dawa wenyewe walikuwa na sera yao, nayo ilikuwa maziwa. Kwetu ng'ombe hawakosekani, na kila mmoja aliamini kwamba nusu lita baada ya kazi inasafisha kila kilichoingia. Uongozi uliipenda sana imani hiyo. Maziwa ni rahisi kuliko mashine. Nilipowaambia kuwa maziwa hayafanyi lolote, mmoja wao akaniuliza mbele ya wenzake kama kweli mimi ni Mnyakyusa au niliokotwa. Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika.

Sasa nieleze habari ya mkwe, kwa ajili ya wale ambao kwao hakuna jambo hili.

Mimi nilizaliwa Bagamoyo, siyo ile ya pwani, hii yetu ya mjini Tukuyu, nyumba ya pili kutoka kwa fundi cherehani. Wazazi wangu walikuwa watu wa kanisani na wa redio, na mila walizihesabu kama kitu cha bibi zetu. Nikaolewa Kisiba, kwenye familia ambayo kwao mambo hayo hayakuwa ya bibi, yalikuwa ya jana na leo. Mkamwana hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hamsalimii uso kwa uso, hataji jina lake. Hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo analizungukia. Mama mkwe alinifundisha yote hayo katika wiki ya kwanza, huku tukimenya ndizi, kwa sauti ile ile ambayo angenionyesha mahali inapowekwa chumvi.

Mwanzoni nilifanya kwa kejeli moyoni. Nikisikia kikohozi chake kwenye njia ya mgombani, maana alikuwa akikohoa makusudi ili nipate nafasi ya kujitenga, nilitoka njiani, nikachutama nimegeukia migomba, nikajifunika kitenge kichwani mpaka apite. Nilijiona mjinga. Nina cheti cha uuguzi, nimezalisha wanawake wasio na idadi, na nimejificha kwenye migomba kama mwizi wa kuku.

Lakini mzee yule alinishinda kwa adabu. Tulipojenga, alitengeneza mlango wa pembeni wa jiko kwa mikono yake ili nisilazimike kupita uani kwake. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, kila alfajiri kulikuwa na kopo la maziwa kwenye uzio na mkungu wa ndizi chini yake, na kikohozi kikitokomea upande wa ziwa dogo la pale kijijini. Mwaka mzima. Sikuwahi kupendwa na mtu kwa mbali namna ile. Baada ya hapo sikufanya kwa kejeli tena. Nilichutama kwa sababu nilimheshimu, na nilijua kwamba na yeye, kule alikogeuzia uso wake, ananiheshimu.

Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiga dawa. Alikuwa amepiga dawa kwenye kahawa tangu ujana wake, kabla kahawa haijachosha watu, na shamba lilipofunguliwa walimchukua kwa sababu alijua upepo. Alichanganya yeye mwenyewe. Barakoa aliivaa kidevuni, akisema inamnyima pumzi. Glavu alizitia mfukoni. Nilikuwa naambiwa hayo na wengine, maana mimi sikumwona.

Siku ya damu ya kwanza tulitafuta njia, na njia ikapatikana. Alisimama nje ya mlango wa zahanati, amegeuka, akapitisha mkono nyuma yake hadi ndani. Mtunza stoo alikaa katikati yetu kama mkalimani.

"Mwambie nesi nkono wangu huu hapa," akasema.

"Mwambie mzee asikaze kidole," nikasema mimi.

Nikatoboa kidole, nikachukua tone, na wapiga dawa waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele kama wanawake kwenye send-ofu. Nilijivunia akili yetu. Damu haina uso, nilijiambia. Mwezi wa pili tukafanya vile vile, na damu yake ilikuwa imeshuka kidogo, bado ndani ya kiwango.

Kisha dawa za kupimia za ile mashine ya damu zikaisha. Niliandika barua ya kuomba nyingine, nikaambiwa ziko njiani, na kama kweli zilikuwa njiani basi zilikuwa zinatembea kwa miguu. Meneja akanionyesha ukurasa wa mwongozo unaosema kwamba vipimo vya damu visipopatikana, nesi aendelee kwa macho na mikono. Kwa hiyo ulinzi wote wa watu kumi na tisa ukabaki kwenye macho yangu na macho yao.

Ningeweza kusema pale pale. Ningesema, meneja, kuna mtu mmoja ambaye mimi siwezi kumpima, tafuta nesi mwingine siku moja kwa mwezi. Nililifikiria jambo hilo nikitembea kwenda ofisini, na nilipofika nikaomba karatasi za kuchapia. Meneja alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwepesi wa kucheka. Nilimwona tayari anavyosimulia mezani kwake kuhusu nesi anayejificha asimwone mkwewe kwenye karne hii. Niliona aibu. Sipati neno kubwa zaidi la kuificha hiyo, ilikuwa aibu tu.

Nikamtuma mtunza stoo. Alikuwa kijana mwerevu, anajua hesabu za makopo na tarehe za kuharibika. Nilimpa kikadi chenye vidoti vya ukubwa tofauti, nikamwelekeza alinganishe na mboni. Alitoka nje, akakaa na mzee dakika moja, akarudi.

"Macho mazuri, mama. Hayana wekundu hata kidogo. Makavu, makali."

"Mboni je? Ulilinganisha?"

"Ndogo, nzuri tu. Za mtu anayeona mbali."

Nilimwambia arudi akaangalie vizuri. Akarudi na jibu lile lile. Watu kumi walikuwa kwenye foleni na jua lilikuwa limetoka baada ya siku tatu za ukungu. Nilijua kwamba kwenye jua kali mboni ya kila mtu ni ndogo, na yule kijana alikuwa amempima mzee katikati ya uwanja. Nilijua. Nikaandika: kawaida.

Mwezi uliofuata nilimwagiza ampime kivulini, chini ya paa la stoo. Akaleta jibu kwamba macho mazuri. Nikaandika kawaida. Mwezi wa tatu bila mashine sikumwagiza chochote, alijua mwenyewe la kufanya, na nadhani hata hakutoka na kikadi. Niliandika kawaida. Mwezi wa nne niliijaza fomu ya mzee asubuhi kabla ya wote, ili nisikute ile nafasi tupu ikinitazama wakati nimechoka.

Hapo katikati ndipo mama mkwe alipoanza kuniletea habari, bila kujua ni habari gani. Tulikuwa tunachambua maharage jikoni kwangu, mchana, mvua inapiga bati.

"Baba yako siku hisi anasema jioni inaingia mapema," akasema, akicheka. "Saa kumi tu anataka taa. Nimemnunulia balbu mpya, bado anasema gisa. Usee huu!"

Mikono yangu ilisimama ndani ya maharage. Mboni ikisinyaa mwanga hauingii. Mtu anaona dunia kama iko ndani ya chumba kilichofungwa dirisha.

"Anatoka jasho?" nikauliza.

"Mtu anabeba bomba mlimani, atakosa jasho?"

"Akiwa amekaa, mama. Akiwa amekaa tu kivulini."

Aliacha kucheka. Akasema ndiyo, shati linalowa akiwa amekaa. Na mate yamekuwa mengi, anatema tema kama mwanamke mwenye mimba changa. Na siku moja alishindwa kufunga kifungo, akamwita yeye amfungie, kisha akamwambia asimsimulie mtu.

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Yeye ni mwalimu, mtu wa taratibu, na baba yake alikuwa kwake mlima Rungwe wenyewe. Alisikiliza huku anasahihisha madaftari. Akasema mzee amepiga dawa tangu kabla hatujazaliwa. Kisha akaniuliza swali la haki kabisa:

"Wewe si ndiye unayempima? Vipimo vinasemaje?"

Nikamwambia vipimo viko sawa, ila nina wasiwasi. Akasema kama vipimo viko sawa basi wasiwasi ni wa bure, na akarudi kwenye madaftari. Nilikuwa nimejijengea ukuta kwa herufi zangu mwenyewe, na sasa kila aliyetaka kunisaidia alikuwa anagonga huo ukuta na kurudi.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa meneja. Sikumwambia kweli. Nilimwambia tu kwamba ningependa kiongozi wa wapiga dawa apumzishwe na apelekwe akapimwe damu mahali penye vifaa. Alifungua faili, akaona kawaida, kawaida, kawaida, kawaida, akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtu aliyechoka kazi. Akasema wakaguzi wa wanunuzi wanakuja Alhamisi, tusianze kuondoa watu wenye afya kwenye orodha. Baada ya ukaguzi tutaona.

Wakaguzi walikuja. Mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wamevaa gambuti mpya. Walipitia mafaili yangu kwa saa nzima na wakasema kati ya mashamba yote waliyopita hawajaona kumbukumbu safi kama zangu. Meneja alipiga makofi. Nilipewa kalamu yenye nembo. Usingizi wangu tangu siku ile ukawa mwembamba, na asubuhi nikifika shambani nilikuwa nasikiliza kwanza sauti ya injini za mabomba ya kupulizia. Zikiwa zinaunguruma nilipumua. Zikinyamaza, hata kama ni kwa sababu ya mvua, nilitoka hadi mlangoni kuhesabu wanaorudi.

Zilinyamaza Jumanne, saa nane mchana, na mvua haikuwepo.

Mmoja wa wapiga dawa alikuja mbio, hakusema mzee, hakusema mkwe wako. Alisema, "Mama, njoo na sindano." Nilichukua vichupa vyote vya atropini, dawa inayopinga sumu ile, vilivyokuwa kabatini, na nilikimbia kupita mistari ya miparachichi nikijua kabisa ninakimbilia nini.

Alikuwa amelala ubavu karibu na pipa la kuchanganyia. Bomba lake lilikuwa limepasuka mshono na kumvujia mgongoni tangu saa nne, na yeye aliendelea kwa sababu kulikuwa kumebaki mistari miwili. Ovaroli ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Alikuwa ametapika. Pumzi yake ilikuwa na maji ndani. Na usoni alikuwa na kofia. Nilidhani wenzake wamemfunika, nikawafokea. Wakaniambia hapana, kaivuta mwenyewe, aliposikia mtu akisema nesi anakuja.

Wanaume wale walirudi nyuma hatua kadhaa. Wote walijua. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumtafute mwingine?"

Mwingine hakuwepo, hakuna aliyewahi kuwepo. Nilipiga magoti kwenye tope, nikaiondoa ile kofia.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mkamwana wake, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipouona uso wake kwa karibu. Ulikuwa uso wa mume wangu, uliotumika zaidi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kusimuliwa. Nilimfungua kope, na mboni zilikuwa kama ncha ya pini, zote mbili, kwenye kivuli cha mti mzito. Hizo hazikuwa mboni za leo peke yake. Naye, na ile pumzi yake ya shida, akageuza uso upande wa pili ili asinione. Nikaurudisha. Akaugeuza tena. Nikamshika taya kwa nguvu, nikasema, "Samahani, baba," na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia. Kisha nikamchoma sindano, moja, na nyingine, na nyingine.

Ilifanya kazi. Tulipofika hospitalini na gari la shamba pumzi yake ilikuwa imekauka na rangi imerudi. Daktari alikuwa kijana makini, asiyependa maneno mengi. Alimpima, akaendelea na dawa, kisha akatuita pembeni: mimi, mume wangu aliyekuwa amefika kwa bodaboda na chaki mkononi, na meneja aliyekuwa ameshika faili la kijani. Daktari aliipitia fomu ya mzee ukurasa kwa ukurasa.

"Kwa hiyo mpaka wiki iliyopita alikuwa mzima," akasema. "Hii ni ajali ya leo tu. Ingekuwa ni mtu ambaye sumu imemla muda mrefu, ningemkalisha siku nyingi, maana hao wanaweza kupata nafuu kisha misuli ya kupumua ikachoka ghafla. Nesi, wewe ndiye uliyempima?"

"Ndiyo."

"Macho yalikuwa kawaida?"

Meneja alikuwa ananitazama. Mume wangu alikuwa ananitazama, kwa shukrani, maana alikuwa ameshasimuliwa jinsi nilivyomwokoa baba yake. Ningeweza kusema neno moja tu, hapana. Nimelisema mara nyingi tangu siku ile, peke yangu, nikifua au nikisubiri maji yachemke. Siku ile nilisema:

"Ndiyo."

Mzee alikaa pale siku moja na nusu. Alikula uji. Akaruhusiwa, na Kisiba walichinja jogoo, na mama mkwe alinikumbatia mbele ya watu hadi nikakosa pumzi. Mimi nilijiambia pengine daktari yuko sahihi. Pengine ilikuwa ajali ya siku moja. Nilijipa hadi jioni ya kesho kumwangalia mama mkwe usoni na kumwuliza mzee anapumuaje.

Kesho yake asubuhi shingo ya mzee ilishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Mama mkwe alidhani amelala vibaya. Alimkanda kwa maji ya moto. Mpaka alipokuja kunigongea mlango wa lile jiko, midomo ya mzee ilikuwa ya bluu na kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo sana. Hospitali ni mbali kutoka Kisiba, na njia ilikuwa imelainika kwa mvua. Nilimpulizia pumzi mdomoni njia nzima, kwenye siti ya nyuma, mdomo wangu juu ya mdomo wa baba mkwe wangu, na sikufikiria mila hata kidogo. Nilifikiria zile fomu nne.

Walimwekea mashine ya kupumulia, wakasema ubongo wake umekosa hewa muda mrefu. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamwambia kila kitu, kuanzia mtunza stoo hadi jioni inayoingia mapema. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, na sikumfukuza. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea. Alisema, "Ungeniambia siku ile," akaenda kwa mgonjwa wake.

Mume wangu hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Aliuliza, "Miezi yote minne?" Nikasema yote minne. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi za mbele, na mvua ilikuwa inamnyeshea na hakusogea.

Mzee hakufa. Watu wananiambia hivyo kama zawadi, na mimi nasema ndaga fijo, asante sana, kwa sababu hawana lingine la kuniambia. Familia ilipopeleka malalamiko, uongozi ulitoa zile fomu na kuonyesha kwamba alikuwa mzima mwezi hadi mwezi na kwamba nesi mwenye cheti ameweka sahihi. Niliandika maelezo kwamba ni uongo wangu. Wakanijibu kuwa kumbukumbu zilishakaguliwa na kupita. Niliacha kazi, au waliniacha, sijui lipi lilitangulia. Siku hizi tumehamia Bagamoyo, nina duka dogo la dawa, na mkulima akija kuniuliza dawa ya macho yanayoona giza, namtoa nje kwenye kivuli na kumtazama kwa muda mrefu hadi anaona haya.

Jumapili tunakwenda Kisiba. Mara ya kwanza baada ya hospitali, nilipita mlango wa jiko kama kawaida yangu, nikachutama karibu na meko, nikawa nangoja kusikia mzee yuko upande gani ili nijue pa kujitenga. Sikusikia kitu. Mlango wa ndani ukafunguka na mzee akaingia jikoni. Mkamwana na baba mkwe, jikoni. Mama mkwe alishika mdomo. Nilijifunika kitenge haraka, nikageukia ukuta, na nilisikia miguu yake inaburuta, inakuja, inazunguka, hadi akafika mbele yangu na kukaa kwenye kigoda. Akaushika ukingo wa kitenge kwa vidole vinavyotetemeka na kukiinua, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

"Wewe ni ntoto wa nani?" akaniuliza.

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa ametupa kisogo, mabega yanacheza.

"Wako, baba," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akasema hakujua kama ana binti mkubwa hivi. Akauliza ninakaa wapi, nikamwambia. Baada ya muda mfupi akauliza tena mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa amekaa karibu sana, amenikodolea macho bila woga wala haya, mtu yule aliyekuwa akikohoa kutoka mbali ili asinikute njiani. Mboni zake zilikuwa pana, zimerudi kuwa nzuri kabisa. Chai ilimiminwa, ikapoa, na bado ananitazama tu, na mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.